Maneno ya Garini

Darrell Tuinstra alikuwa mtu wa kuaminika, na hilo ndilo lililomponza. Ukimwomba ngazi, anakuletea ngazi na anabaki kukushikia. Kazi yake ilikuwa kufunga milango ya gereji mjini Holloway, jimbo la Michigan, na ukipita mtaa wowote ule hukosi mlango mmoja au miwili iliyopita mikononi mwake. Ndiyo maana watu walimwachia klabu ya mpira ya watoto pasipo hata kupiga kura. Yeye ndiye aliyeandikisha wachezaji, yeye ndiye aliyepiga chokaa uwanjani, yeye ndiye aliyeshika funguo za kibanda cha nyavu. Wenzake walimwita Kamishna, jina la utani alilojifanya halipendi.

Baba yake, mzee Harm, alikuwa fundi wa kiwanda cha samani, na miaka yote Darrell aliyochezea timu ya shule hakukanyaga uwanjani hata mara moja. Hakuwa na ubaya. Hakuona tu maana ya mtu mzima kukaa kwenye majani akitazama watoto wakikimbizana. Darrell akiwa na miaka kumi na saba alikula kiapo: akijaliwa mtoto, hatakosa mechi yake hata moja. Na kiapo alikitimiza. Mimi siku hizi nikisikia mtu ametimiza kiapo cha ujanani, huwa nauliza kwanza aliyelipia ni nani.

Mtoto alijaliwa mmoja, Maren. Alianza mpira ana miaka mitano, umri ambao timu zote mbili huukimbilia mpira kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama, na hakuna anayejua lango lake ni lipi. Siku moja Maren alisimama katikati ya mechi kumtazama kereng'ende. Wenzake wakampita, wapinzani wakafunga, naye yuko pale pale, kidole juu, anawaonyesha watu mdudu wake. Darrell alicheka mpaka machozi yakamtoka. Laiti angebaki pale.

Maren alipofika miaka minane ikagundulika kwamba ana mguu wa kushoto. Si mguu wa mchezo mchezo, mguu hasa, wa kupiga krosi ikamfikia mtu kifuani. Hapo ndipo maneno ya garini yalipoanza.

Kutoka uwanjani hadi nyumbani kwao ni mwendo wa dakika ishirini na mbili. Darrell alikuwa akishapita kona ya kwanza anazima redio, anajikohoza, anasema, "Haya, tuzungumze kidogo." Hakuwa akigomba. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekueleza namna ya kupaka grisi bawaba.

"Dakika ya kumi, mpira ulipokuja upande wako, ulikuwa unawaza nini?"

"Sijui, Baba."

"Sijui si jibu, mwanangu. Jaribu tena."

Na Maren alijaribu tena. Dakika ya kumi, dakika ya kumi na nne, ile pasi ya nyuma, ile kona. Darrell alikuwa anakumbuka kila kitu, na aliona fahari kukumbuka. Alikuwa anampa bintiye kitu ambacho yeye mwenyewe angekililia utotoni, baba aliyeona yote. Haikumpitia akilini kwamba mtoto anaweza kuchoka kuonwa.

Klabu wakati huo ilikuwa inakwisha. Zamani ilikuwa na timu kumi na nne, sasa zimebaki tano, na majani yameota kwenye uwanja wa chini. Kwenye mikutano kila mzazi alikuja na mchawi wake. Huyu alisema ni simu. Yule alisema ni timu za kusafiri, zinazochuja watoto wangali na meno ya utoto, zikachukua wazuri na kuwapeleka jimbo la tatu kucheza na watoto wa mtaa wa pili. Mwingine alisema ada. Darrell alikubaliana nao wote, kisha akaongeza wa kwake: wazazi wenye midomo. Wazazi wanaomfokea refa mwenye miaka kumi na minne mpaka anaacha filimbi kwenye nyasi na kwenda zake.

Basi akaanzisha Jumamosi ya Kimya. Mara mbili kila msimu, hakuna mzazi kutoa sauti. Ukifika getini unapewa pipi ya kijiti, unaitia mdomoni, unakaa kwenye kiti chako cha kukunja, basi. Mtu aliyeteseka kuliko wote ni Gus Sobczak, mwezeka paa, mwenye sauti iliyozoea kuitisha misumari kutoka ghorofani. Binti yake Josie alicheza timu moja na Maren. Gus alimaliza pipi nne kabla ya mapumziko, jasho linamtoka kama anabeba vigae.

"Unaona, Gus?" Darrell alimwambia mwishoni, miguu ameikunja nne. "Kumbe inawezekana."

"Inawezekana kwako, Kamishna. Wewe huna domo. Mimi domo langu lina injini yake."

Darrell alicheka kwa unyenyekevu wa mtu anayejua amesifiwa. Hakumwambia mtu kwamba yote aliyoyameza pale kitini aliyabeba mazima mazima hadi garini, na kwamba siku hizo hata dakika ishirini na mbili hazikutosha. Mara nyingine walikaa uani, injini imezimwa, amalizie.

Majira ya kuchipua yalipofika, mwenyekiti wa klabu, Bev Ostrander, mama mstaafu aliyetunza maktaba ya shule, akasema neno la maana. "Jamani, tumelaumu kila mtu chini ya jua. Watoto wenyewe tumewauliza lini?"

Darrell akaishika hiyo kazi. Kila mtoto, awe bado anacheza au ameshaacha, ataandika kadi moja isiyo na jina: nini anapenda, nini kinamfanya atake kuacha. Kadi zitasomwa mbele ya wazazi kwenye kifungua kinywa cha pankeki cha kituo cha zimamoto, kule ambako mji mzima hukutana kila mwezi wa tano. Siku ya mazoezi aliwakusanya wasichana akawaeleza.

"Hakuna majina. Hakuna atakayejua ya nani ni ipi."

Maren alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

Na kwa uaminifu wake hakuchungulia. Kadi alizitia kwenye sanduku, akalifunga kwa gundi ya karatasi, akalifungua siku yenyewe mbele ya watu, magari mekundu ya zimamoto yamesogezwa nje, meza ndefu zimepangwa ndani, na moshi wa soseji umejaa mpaka darini. Watoto walikaa meza yao. Wazazi walikuwa na kahawa zao. Darrell alisimama akaanza kusoma.

Kadi za mwanzo ziliwachekesha. "Nataka kuacha kwa sababu soksi zinawasha." "Napenda machungwa ya mapumziko kuliko mpira." Nyingine hazikuchekesha sana. "Kocha wa timu ya kusafiri aliniambia mimi ni wa ishirini na moja kati ya ishirini na wawili." Watu wakaguna. Darrell akatikisa kichwa kwa huzuni ya kiongozi, akachukua nyingine.

"Napenda mpira," alisoma. "Sipendi kurudi nyumbani. Baba hapigi kelele uwanjani, anangoja garini. Jumamosi ya Kimya..."

Akanyamaza. Macho yalikwisha kutangulia mistari miwili. Hata wino aliutambua, ule wa zambarau aliomnunulia bintiye yeye mwenyewe.

"Vipi?" Bev aliuliza.

"Mwandiko huu... sioni vizuri. Tuiache hii."

"Lete hapa. Miwani yangu imesoma mwandiko wa watoto miaka thelathini." Bev akaichukua mkononi mwake, na Darrell, ambaye angeweza kuikaza, akaiachia. Bev akasoma kwa sauti yake ya maktaba, safi, isiyoruka neno.

"Jumamosi ya Kimya ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu anakuwa ameyaweka mengi. Huwa nautafuta mnara wa maji, nikiuona najua zimebaki dakika tano. Mvua ikinyesha mechi ikaahirishwa, Baba huwa mzuri sana, tunasikiliza redio. Mimi huomba mvua."

Uma mmoja ulianguka mahali. Mama mmoja akasema, "Maskini mtoto wa watu. Huyo baba ni nani?"

"Baba wa hivyo afungiwe garini peke yake," mwingine akadakia. "Ajihutubie."

Darrell alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilibidi aseme neno moja tu, na neno lenyewe ni fupi. Badala yake akapanga kadi. Alizigonga gonga mezani zikakaa sawa, akazigonga tena. Naye hakuinua macho kwenye meza ya watoto.

Taratibu, watu wakaanza kumgeukia Gus Sobczak. Hawakumsema, walimtazama tu, maana domo la Gus lilijulikana mpaka wilaya ya pili. Gus alikuwa na asali ya pankeki kwenye masharubu. Akaweka kikombe chini.

"Mnaniangalia mimi?" Akatazama huku na huku. Kisha akamtazama Darrell, kitambo kidogo, kama mtu anayepima ubao kwa jicho. "Haya. Basi ni mimi."

Akainuka, akaenda meza ya watoto, akapiga magoti mbele ya Josie, jitu zima lile. "Nisamehe, mwanangu. Baba yako ana domo, na wewe umelivumilia miaka na miaka. Nitalifunga." Josie akamkumbatia shingoni, amepigwa na butwaa. Mtu akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata.

Na Darrell Tuinstra akapiga makofi pamoja nao. Alipiga ya kusikika. Ndipo alipoinua macho, akamkuta Maren anamtazama, wala hamtazami usoni. Anatazama mikono yake.

Mke wake Trish alibaki kuosha vyombo na akina mama wengine, kwa hiyo garini walikuwa wawili. Redio ilikuwa inaimba na hakuna aliyeigusa. Walipita kona ya kwanza, wakapita kanisa, wakapita mashamba ya matunda ya buluberi. Mnara wa maji ulipotokea, Maren akasema kutoka kiti cha nyuma, "Baba."

"Naam, mama."

"Ulijua ni yangu?"

"Nilijua."

"Mbona sasa ulipiga makofi?"

"Sijui," Darrell alisema, na Maren hakumwambia kwamba sijui si jibu. Ingekuwa nafuu kama angemwambia.

Alisimamisha gari kando ya barabara. Mikono yake bado imeshika usukani. "Niliona aibu, mwanangu. Watu wote wale."

"Mimi nilikuonea aibu wewe," Maren alisema. Hakusema kwa hasira. "Ya garini nimeyazoea. Lakini baba yake Josie hakufanya kitu."

Darrell alikuwa amejeruhiwa mara kadhaa maishani, na siku moja springi ya mlango wa gereji ilikaribia kumng'oa kidole. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuna kilichowahi kumuuma kama hicho, kwa sababu mtoto hakutaka kimuume. Akawasha taa ya kugeuka, barabara tupu, akageuza gari.

Walipofika kituoni, wazazi walikwisha kuondoka, hata Trish na wenzake wa vyombo. Gus alikuwa anapanga viti ukutani, Bev anakomba siagi kwenye sahani. Darrell alisimama katikati ya ukumbi, Maren yuko nyuma yake.

"Gus. Ile kadi ni yangu. Namaanisha, yule baba ni mimi."

"Najua," Gus alisema, na kiti kimoja akakigonga kwenye kingine.

"Unajua?"

"Josie aliandika soksi, alinionyesha. Halafu sisi tunakaa upande wa kaskazini, Kamishna. Mnara wa maji tunauona wapi?"

"Sasa mbona ulikubali?"

Gus akajifuta masharubu kwa mkono. "Nilingoja useme wewe. Hukusema. Nikaona mtoto wako anazidi kuinama, nikasema huyu akiinama zaidi ataingia chini ya meza. Na mimi msamaha nilikuwa nao wa kuomba hata hivyo. Sikudanganya sana."

"Nitawaambia watu."

"Watu wapi?" Bev akaingilia, kisu cha siagi mkononi. "Waliobaki ni sisi wanne na soseji. Saa ya kuwaambia ilikuwa saa tatu asubuhi, Darrell." Kisha akamgeukia Maren, sauti ikalainika. "Na wewe, mama, nisamehe. Nilisoma kitu ambacho hakikuwa changu kukisoma."

Darrell alirudi nyumbani ameahidi mambo mengi moyoni, na mengine aliyatimiza. Mechi tatu zilizosalia hakusema neno garini. Lakini kunyamaza kwake nako kulikuwa kama kusema, maana Maren alikaa nyuma akimsikiliza asivyosema. Mji uliendelea kuamini ni Gus. Dukani walimpigapiga Gus begani, wakamwambia amekuwa mtu mzima, naye alipokea pongezi hizo akimtazama Darrell juu ya mashelfu ya rangi. Darrell alikuwa akijifanya anasoma lebo.

Mwezi wa nane uandikishaji ukafunguliwa. Ligi haikubali timu ya wasichana wa umri ule yenye majina pungufu ya kumi na moja, na Darrell alikuwa nayo kumi na moja kamili, la Maren likiwemo. Aliliweka mwenyewe bila kuuliza, kama kila mwaka.

Maren alimfuata gereji, akamkuta anapanga skrubu kwenye makopo.

"Baba, nikiacha mpira, wewe Jumamosi utakuwa unafanya nini?"

Darrell akaacha skrubu. Alielewa polepole, na kadiri alivyoelewa ndivyo uso ulivyomwaka. Mtoto hakuwa anauliza ruhusa. Alikuwa na wasiwasi naye. Miaka miwili ya mwisho alikuwa amebaki uwanjani ili baba yake asikose pa kwenda.

"Nitapata la kufanya," alisema. "Unataka kuacha?"

"Nataka kuacha."

Aliyajua majina yalikuwa mangapi. Ulimi ulimwasha kumwambia: ukiacha wewe, wenzako kumi wanakosa timu. Lingekuwa kweli, na lingembakiza. Akalimeza, na mara hiyo hakuliweka mahali pa kulitoa baadaye. "Basi acha, mwanangu," akasema.

Wiki mbili alizunguka kutafuta msichana mmoja, mmoja tu. Hakumpata. Hapo akakaa mezani kuandika ujumbe wa kuwatumia wazazi wote kwa pamoja: kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, msimu huu timu haitakuwepo. Alisoma alichoandika. Trish alisoma begani mwake.

"Nje ya uwezo wa nani?" Trish akauliza, akaenda zake kufua.

Akaufuta. Akachukua simu akaanza kupiga, nyumba moja baada ya nyingine, Jumapili baada ya ibada. Kila nyumba ilisikitika, na kila nyumba iliuliza kwa nini, na kila nyumba alisema yale yale. Kwamba Maren ameacha. Kwamba ameacha kwa sababu yake yeye. Kwamba ile kadi ya mvua ilikuwa ya Maren, na kwamba Gus alibeba mzigo usiokuwa wake huku yeye akipiga makofi. Wengine walisema, "Ah, Darrell, usijitese." Mmoja alikata simu. Gus alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Umechelewa, lakini umefika," akamwita Josie ampe habari, na Darrell akasikia mtoto akilia.

Nyumba ya kumi ilikuwa ya Alicia Bratt, mama yake Wren, yule kipa mdogo mwenye glavu kubwa. Darrell alisema yote. Upande wa pili akasikia mlango ukifungwa taratibu.

"Alicia? Upo?"

"Nipo." Alikuwa amepunguza sauti, kama mtu aliyesogea pembeni. "Wren naye alisema anataka kuacha. Hatukujua kwa nini. Yaani, mimi nilijua. Huwa anarudi garini na baba yake."

Darrell akaisogeza simu sikioni.

"Ngoja," Alicia akasema. "Usikate. Mume wangu yuko hapa sebuleni, nampa simu. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Tangu mwanzo."

Akasikia nyayo, mlango, sauti ya kiume ikiuliza ni nani. Kisha simu ikabadili mikono, na Darrell Tuinstra akavuta pumzi ili aanze tena.